Magoti Yangu na Njia ya Bondeni

Naandika haya asubuhi, saa ambazo zamani vidole vyangu havikuwa vyangu. Leo vinashika kalamu. Vinashika vibaya, mwandiko umelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo, lakini vinashika, nami sina mwalimu wa kumfurahisha. Nimesikia wako wanawake wengi huku milimani, Kibondo, Kasulu na hata kule Mabamba mpakani, wanaoamka wamekakamaa halafu wanaambiwa ni uvivu, au ni baridi, au uzee umewahi. Nawaandikia hao. Sitaeleza ugonjwa huu unafanyaje kazi mwilini. Daktari alinieleza mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa natazama mlango nikijiuliza nitainukaje kwenye kiti.

Ulianza msimu wa mvua za kwanza mwaka 2012, tulipokuwa tunapanda maharage. Vidole vya mkono wa kulia vilivimba kwenye viungo, vikawa kama tangawizi, na jembe likawa linaniponyoka. Nilidhani ni umande. Kijijini kwetu kila kinachouma asubuhi hulaumiwa umande. Nilikuwa nasubiri jua lipande nilainike, na kweli ikifika saa nne nilikuwa mtu, nalima, nacheka na wenzangu. Walionikuta saa nne hawakuziamini habari za saa kumi na mbili. Hiyo ndiyo shida ya kwanza ya ugonjwa huu. Una saa zake, na mashahidi hawaji saa hizo.

Kufikia kiangazi cha 2013, ile Juni ya upepo ambapo nyasi zinachomwa vilimani na moshi unaingia hadi kwenye unga, ulikuwa umeshashuka magotini. Magoti yalijaa, ngozi ikavutika ikang'aa. Nikashindwa kuchuchumaa, na mwanamke asiyeweza kuchuchumaa huku kwetu hawezi kupika kwenye mafiga wala kuosha vyombo, na chooni, niseme wazi, hawezi kwenda bila msiba. Mume wangu Fidelis si mtu wa maneno. Siku moja alichukua kiti cha mbao alichoachiwa na baba yake, akakitoboa katikati kwa msumeno, akakiweka chooni, akarudi kula. Mtoto wetu Elia na wadogo zake wakakiita kiti cha enzi. Siku ya kwanza nililia kwa aibu. Siku ya pili nikamwombea mema, na hadi leo namwombea.

Dawa tulizojaribu kabla ya dawa ni nyingi. Tulianza na mawese ya moto yaliyochanganywa na kitunguu saumu, nyumba ikanuka kama jiko la harusi. Nikapigwa chuku: mzee mmoja alinichanja juu ya magoti, akabandika pembe za ng'ombe, akafyonza. Damu ikatoka, maumivu yakabaki. Nikanunua vidonge vya maumivu duka la dawa, nikavimeza bila chakula mpaka tumbo likawaka moto. Halafu ikaja ile poda ya gulioni Mabamba, iliyouzwa na mtu mwenye kipaza sauti. Ndugu zangu, ile poda! Nilikaa siku chache tu nikawa nacheza. Uso ukajaa ukawa wa duara, watu wakaniambia nimenona, nimependeza. Ilipoisha, nilishindwa kugeuka kitandani, na nikawa mbaya kuliko nilivyoanza. Ukisikia dawa ya unga isiyo na jina inayoponya kila kitu kwa siku tatu, kimbia, kama magoti yanakuruhusu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Sisi tunakaa upande mmoja wa bonde, na mama mkwe wangu, mama yake Fidelis, alikuwa anakaa upande wa pili. Bati lake tuliliona kutoka mlangoni kwetu. Katikati kuna kijito, na njia ya miguu inashuka kwa kasi mpaka majini kisha inapanda tena. Kwa desturi yetu sisi Waha, mke wa mtoto huenda asubuhi kumwamkia mama mkwe wake. Unapiga magoti yote mawili, unapiga makofi polepole, unasema *mwakeye*, na mkubwa anaanza kukuuliza habari: za mume, za watoto, za mbuzi, za muhogo ulioloweka. Hana haraka, na wewe hutakiwi kuwa nayo. Nilifanya hivyo tangu nimeolewa na sikuona mzigo. Mama mkwe wangu alikuwa na ulimi mwepesi, na habari nyingi za kijiji nilizipata nikiwa nimepiga magoti pale uani kwake.

Magoti yalipoharibika nikagundua jambo ambalo wagonjwa wenzangu mnalijua: kupanda ni kazi, lakini kushuka ni adhabu. Kila hatua ya kuteremka ilikuwa mtu ananigonga nyundo chini ya goti. Kwa hiyo nikaiacha njia ya bondeni. Nikawa nazunguka kwa barabara ya magari, inayoviringa kilima chote lakini imelala. Na kwa kuwa ni mbali, sikwenda tena kila siku. Nilipofika nilisimama, nikaegemea mwimo wa mlango, nikapiga makofi yangu ya vidole vilivyovimba. "Mama, nisamehe, ni magoti," nikamwambia. Akaitikia, "Ego," yaani ndiyo, basi, akaendelea kupepeta. Nilidhani nimeshaeleza na yamekwisha. Kijijini nani hana magoti?

Mwisho wa mwaka ule mama mkwe akahamia Kasulu mjini kwa binti yake Yusta, wifi yangu. Nikaambiwa Yusta amejifungua mapacha na anahitaji msaada. Nikaona ni sawa, bibi anakwenda kulea. Hakuja kuniaga, nikajipa jibu kwamba mwenye safari ana mambo mengi. Fidelis alimsindikiza kwenye basi, akarudi amenyamaza kuliko kawaida yake, na kawaida yake yenyewe ni kunyamaza.

Tulipovuna maharage mwaka 2014, jirani yangu Leokadia alikuja kunisaidia kupura. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda napeta kwa viganja, kwa sababu fimbo nilishindwa kuishika. Yeye anapiga, maganda yanaruka, tunazungumza. Akasema, kama mtu anayesifia mvua:

"Afadhali alivyoondoka yule mama. Sasa utapona."

"Mama yupi?"

"Usijifanye mgeni, Mama Elia."

"Leokadia, mama yupi?"

Akashusha fimbo. "Si mkweo? Kwani wewe mwenyewe si uliiacha njia ya bondeni? Tukaelewa wote. Mtu akishakanyaga dawa aliyotegewa njiani hapiti tena pale pale. Na njia ile inaenda kwa nani? Inaenda kwake tu."

Nikamwambia niliiacha kwa sababu ya mteremko. Akanitazama kwa huruma, wala si kwa kuamini. "Ukaacha na kumpigia magoti," akasema. "Unasimama mlangoni, huingii ndani, hunywi hata maji yake. Watu wana macho, shoga yangu." Kisha akanieleza lililobaki: vijana walirusha mawe kwenye bati la mama mkwe, siku moja, na tena siku nyingine, na wapo waliosema mara ya tatu hayatakuwa mawe. Fidelis aliyajua hayo yote, na hakukuwa na mtoto aliyezaliwa Kasulu wakati ule. Mapacha wa Yusta walikuwa wameshaanza kutembea.

Wenzangu, maumivu ya viungo nayajua. Nimewahi kulia kwa kufungua mfuniko wa chupa ya chai. Lakini siku ile niliumwa mahali ambapo mawese hayafiki. Mama wa watu alikuwa amekimbia nyumba aliyojenga na marehemu mumewe, kwa sababu mimi nilichagua barabara iliyolala.

Fidelis aliporudi nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekwambia nini?" akasema. "Ungelia, ungezidi kuumwa. Na mama alinikataza. Aliniambia wewe ndiye uliyeanza, kwa hiyo unajua."

"Na wewe uliamini?"

Akakuna ukucha. "Sikujua niamini nini. Nilikuwa nakuona unavyoamka."

Tulikaa majuma kadhaa tukiongea mambo ya chumvi na ya ada za shule tu. Nilimkasirikia, nikamwonea huruma, nikachoka kufanya yote mawili. Ugonjwa wa mmoja ndani ya nyumba ni kama moshi, kila mtu unamwingia machoni kwa namna yake.

Ndipo hospitali ya Kibondo, baada ya benchi na benchi na njoo kesho, wakaniambia nikajaribu Kasulu, kuna daktari anayejua mambo ya viungo. Daktari yule akanishika vidole kimoja kimoja, akabonyeza, akaniuliza asubuhi huwa nakakamaa mpaka saa ngapi. Nilimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza swali hilo. Akasema ni baridi yabisi, ile ya kudumu, haitoki, lakini inatulizwa. Dawa yake inamezwa mara moja kwa juma, na mwanzoni lazima nipimwe damu mara kwa mara, kwa hiyo nisiende mbali. Kasulu nzima nilikuwa na nyumba moja tu ya kukaa, ya wifi yangu Yusta, na ndani yake alikuwamo mama mkwe.

Nilifika na mfuko wangu mmoja. Yeye alikuwa mlangoni anatwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga. Nikashika ukuta ili nijaribu kupiga magoti, nikashindwa katikati, nikabaki nimeinama kama mtu aliyedondosha kitu. "Mwakeye, Mama." Akaitikia, lakini akiutazama mchi. Yusta akanipokea mfuko, akaongea kwa wote watatu. Juma la kwanza lilikwenda hivyo. Yusta aliondoka mapema kwenda kuuza mawese na dagaa sokoni, mume wake dereva wa lori hayupo, tukabaki mimi, mama mkwe na mapacha, na wa kuongea walikuwa mapacha.

Nililala kwenye godoro chini. Kuinuka ilikuwa hivi: najigeuza kwa viwiko, maana viganja havibebi, navuta magoti, nainua makalio, halafu natafuta kitu cha kushika. Asubuhi moja niliishia katikati. Makalio juu, kichwa kwenye godoro, kanga imefunguka na mikono haiwezi kuifunga, nikawa nalia bila sauti ili wasisikie. Mmoja wa mapacha akaingia, akaniona, akacheka, akadhani ni mchezo. Akakimbia kumwita bibi yake aje kuona.

Akaja. Akasimama. Nilimwona miguu tu.

"Uko hivi kila siku?" akauliza.

"Kila siku, Mama. Mpaka saa nne."

Akaniingiza mikono kwapani, mwanamke wa umri ule, akaninyanyua, akanifunga kanga kama anavyofungwa mtoto. Akanikalisha kwenye kigoda, akaleta maji ya moto kwenye beseni, akaitumbukiza mikono yangu humo, akaishikilia. Tulikaa tukitazama maji.

"Kumbe unaumwa kweli," akasema.

"Ulifikiri naigiza?"

"Nilifikiri umenisingizia. Mwanamke ukitaka mkweo aondoke, si ndiyo njia? Unaugua, unazunguka barabarani watu wote wakuone, husemi neno. Wenyewe wanamalizia."

"Mama, nilikuwa nazunguka kwa sababu ya mteremko. Kushuka bondeni kunaniua magoti. Barabara imelala. Hakuna kingine. Naapa kwa Bikira Maria, hakuna kingine."

Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu nimefika. Nikadhani atalia, kumbe ni kicheko kibaya kilichomtoka.

"Mteremko?" akasema. "Nimehama nyumba yangu kwa ajili ya mteremko?"

Tulilia wote wawili. Mapacha nao wakajiunga, wasijue tunalilia nini. Maji yakapoa, akaenda kuyapasha tena.

Kuanzia hapo akahamishia mkeka wake chumbani kwangu, akawa muuguzi wangu. Vidonge vya juma nilivimeza Ijumaa jioni, na Jumamosi nilikuwa sifai, kichefuchefu, kinywa kina ladha ya sarafu. Nywele zikapungua. Yeye alinisuka zilizobaki akisema zimekuwa za kizungu. Kushika tonge la ugali wa muhogo sikuweza, na ugali wetu hauliwi kwa kijiko mtu akaona amekula. Akawa anakanda matonge yeye, anachovya kwenye sombe, analisha kwa zamu: pacha, pacha, mkamwana. Tulikaa watatu mbele yake tumefungua midomo kama vifaranga. "Wewe wa mwisho ndiye mlafi," aliniambia. Nilicheka mpaka tonge likatoka.

Akinisindikiza hospitali tulikaa kwenye benchi lile la bluu tangu asubuhi hadi mchana. Anayeumwa viungo akikaa sana anaganda, kwa hiyo kila baada ya muda aliniambia, "Simama, tembea, nitakulindia nafasi." Na aliilinda. Aliweka kitenge chake, akaweka na ulimi wake. Wauguzi wakamzoea, wakawa wanamwamkia yeye kwanza.

Nafuu haikuja kwa siku moja, msisubiri siku hiyo. Ilikuja kwa kupungukiwa. Kwanza saa nne ikawa saa tatu. Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, ikawa saa mbili. Siku moja nikakuta nimefunga kifungo cha blauzi na sikukumbuka kukifunga. Nikakifungua nikakifunga tena, nikamwita Mama aje kutazama, akaja akatazama kifungo, akasema, "Haya, na sufuria zipo." Nilianza kuosha vyombo nimekaa. Nilijifunza kufungua mlango kwa kiwiko, kubeba ndoo nusu, kuviringisha mpira wa baiskeli kwenye mpini wa kisu uwe mnene. Mambo madogo ya namna hiyo ndiyo yaliyonirudisha kwangu.

Mwanzoni mwa 2015 daktari akaniruhusu kurudi kijijini, niwe nakuja kupimwa na kuchukua dawa. Nilimwambia mama mkwe twende wote. Akasema, "Tangulia wewe. Kaniulizie kama kuna njia." Sikuhitaji tafsiri.

Jumuiya yetu husali nyumba kwa nyumba, na mwezi wa tano zamu ikafika kwetu. Watu walijaa sebuleni na uani. Walinisifia, nimenawiri, nimesimama bila fimbo. Baada ya sala nikaomba kusema. Nikasema ugonjwa wangu una jina, nikaitaja dawa, nikasema niliiacha njia ya bondeni kwa sababu kushuka kunaniumiza, na mama mkwe wangu hajaniwekea kitu chochote. Fidelis akasimama karibu yangu. Hakuongea, ila alisimama.

Kisha mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango, mtu ninayemheshimu na ambaye shamba letu linapakana na lake, akakohoa.

"Mama Elia, tumekusikia," akasema. "Lakini tuseme ukweli mbele ya Mungu. Alipokuwa hapa, ulikuwa huwezi kushika jembe. Ameondoka, umepona. Sisi tufikirije?"

Watu wakaguna wakikubali. Na mimi, niwaambie ukweli, nilichoka. Nilichoka kwa miaka yote kwa mpigo. Nafuu niliyoitafuta benchi kwa benchi, vidonge nilivyotapika, vyote vilikuwa vimegeuka ushahidi dhidi yake. Nilitamani kukaa chini, na kukaa chini ndiyo kitu ambacho siwezi kufanya haraka, kwa hiyo nikabaki nimesimama.

"Mzee wangu," nikasema, "unajua nilikuwa nakaa wapi Kasulu?"

"Kwa wifi yako, tumesikia."

"Na yeye yuko wapi?"

Akakohoa tena.

"Nimelala naye chumba kimoja. Maji niliyooga ameyateka yeye. Mikono hii ilikuwa haishiki tonge, nimekula mkononi mwake, asubuhi na jioni, tangu maharage yanavunwa mpaka yanapandwa tena. Sikula kwenye sahani yake, baba. Nimekula mkononi. Tonge linatoka kwenye vidole vyake linaingia mdomoni mwangu. Kama ana dawa ya kuniua, alikuwa anasubiri nini?"

Hapo hakuguna mtu. Mnajua ninyi wa huku kwetu maana yake nini kula mkononi mwa mtu. Daktari hakuwashinda, jina la ugonjwa halikuwashinda, lakini tonge liliwashinda. Yule mzee akavua kofia, akaivaa tena. Leokadia akaja mbele, akanishika vidole kwa upole kama mtu ashikaye mayai, akasema, "Pole, shoga yangu. Na Mama mpe pole yangu." Wengine wakatazama sakafu, wakaanza kuaga mmoja mmoja.

Siku zilizofuata Fidelis alikwenda ng'ambo ya bonde, akaziba bati, akafyeka uani, akaweka komeo jipya. Aliongea kuliko nilivyowahi kumsikia. Mama atalala chumba hiki, mbuzi mmoja tumrudishie. Mimi nilipokwenda Kasulu kuchukua dawa nilikata tiketi za kurudi mbili, za siku ya pili yake.

Ulikuwa mwezi wa sita. Benchi la bluu lilikuwa limejaa wageni kutoka Burundi, waliokuwa wanaletwa Kasulu kwa makundi tangu mwezi uliotangulia. Dada mmoja mwenye mtoto mgongoni alisogea akanipa nafasi. Akaniuliza kwa Kirundi naumwa nini, lugha zetu zinaelewana. Nikamwambia magoti. "Yoo, pole sana, Mama," akasema, na miguu yake yeye ilikuwa imepasuka kwa kutembea milimani siku sijui ngapi. Nikaona haya, nikamwombea kimoyomoyo.

Jioni nikamkuta mama mkwe anachambua maharage. Nikamsimulia yote, yule mzee alichosema na nilichojibu. Alisikiliza akitupa mawe pembeni.

"Nani alisema pole?"

"Leokadia."

"Na wengine?"

"Waliona aibu, Mama. Wanakusubiri. Fidelis ameshaziba bati."

Akachambua, akachambua.

"Umenitetea, Mama Elia. Mungu akulipe. Jina langu mmelirudisha na nimeshukuru." Akaweka ungo chini. "Lakini watu wale nimewazalisha wake zao. Nimewaosha maiti zao. Mtu mmoja kaacha kupita njia, basi, nikawa mchawi. Nikirudi, kesho mwingine akiumwa jino itakuwaje? Nikae mlangoni naangalia nani anapita wapi?"

Nikaanza kusema kwamba sasa wameelewa. Akaniwekea mkono juu ya mkono, taratibu, anajua panapouma.

"Nikifa mnipeleke nikalale kando ya mzee wangu. Maiti haiogopi majirani. Ila nikiwa hai niacheni hapa."

Nikauchukua ungo, nikamalizia kuchambua. Kwa hiyo wewe unayeanza kukakamaa asubuhi, kabla hujatafuta mawese, kabla hujatafuta hata daktari, waite watu wako. Waambie panauma wapi, saa ngapi, na kwa nini umeacha kupita ulipokuwa unapita. Neno moja mlangoni halitoshi. Waoneshe asubuhi yako, hata ile ya makalio juu. Dawa ipo, mimi nameza Ijumaa na Jumanne natembea. Kuna vingine ambavyo vikishavunjika havitulizwi na kidonge.

Asubuhi alinisindikiza mpaka stendi, akanipandisha ngazi za basi, akanikalisha dirishani ili ninyooshe mguu. Akashuka, akasimama pale na kitenge chake mpaka injini ilipowaka. Konda akapita akihesabu watu, akagusa kiti kilichokuwa kitupu pembeni yangu.

"Mama, hapa kuna mtu?"

Nilitazama dirishani. Alikuwa bado amesimama, ameinua mkono.

"Hakuna," nikamwambia, na akamketisha mwingine.